Sura ya Tano: Kaseti Kutoka Ujiji

Kitendawili. Mjumbe hana miguu, kafika. Hana kinywa, kasema. Mwenye nyumba kamsikia, kamkana.

Kukitegua hicho hakukumtoa jasho Sajenti Bertila Mahona. Jibu lake ni kaseti, na kaseti yenyewe ilikuwa Kanyenye, mjini Tabora, nyumbani kwa Bi Kuluthumu, imefungwa kwenye pindo la kanga kama ada ya mganga. Kilichomkosesha usingizi ni swali lililokuja pamoja nayo. Shaban, mtoto pekee wa yule bibi, yu hai huko Ujiji? Au keshauawa, na aliyeileta kaseti ndiye aliyemuua?

Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia maneno machache tu. "Ndugu Sajenti, mtu hakai mahabusu kwa sababu ya ndoto za mama wa mtu. Kabla jua halijatua uniambie: tumfungulie mashtaka au tumfungulie mlango."

Majibu ya polisi wa Kigoma yalikuwa bado hayajafika. Bertila akashika kurunzi yake, akashuka mahabusu.

Silasi, mchuuzi wa dagaa, mwenyeji wa Usoke, alikuwa amechuchumaa kwenye kona yenye mwanga. Alivaa shati la rangi ya udongo lenye mistari myeupe. Shati hilo ndilo lililomtia ndani kuliko hata kaseti. Siku alipobisha hodi kwa Bi Kuluthumu kuleta salamu, yule mama hakuutazama uso wake, aliitazama kola. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa mkono, mishono miwili miwili, siku mwanawe alipokuwa akijiandaa kupanda treni.

"Mwangaluka, Silasi."

"Mwangaluka, afande. Leo mnaniachia?"

"Leo naanza upya. Hilo shati."

"Nimekwisha sema. Nilipewa."

"Mtu anavua shati aliloshonewa na mama yake, anampa muuza dagaa?"

"Muuza dagaa naye ana mgongo, afande. Halikuwa linamwingia tena, likawa linamkaba hapa." Alijishika kwapani. "Akasema, Silasi, chukua, wewe bado mwembamba."

"Na kaseti?"

"Alinipa kituoni, Kigoma, treni inataka kuondoka. Akasema mpelekee mama mkononi, usimpe mtu mwingine."

"Alirekodia wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake kuna nani?"

Silasi akayahamisha macho, akayabandika ukutani. Bertila alingoja. Alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe huko Igunga, akajifunza kwamba mwongo hufungua milango yote ili usiuone ule mmoja. Huyu alikuwa ameiacha yote wazi, akafunga mmoja.

"Silasi. Kwenye kaseti Shaban anamwambia mama yake asimngoje. Kwa nini?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nimwulize wapi, na mama yake anasema amekufa?"

"Hajafa!" Sauti ilimtoka kubwa, akaishusha. "Nilikula yamini, afande. Kuna neno nilikatazwa kulisema. Mengine yote nimekwambia."

"Hata ukifungwa?"

"Hata nikifungwa. Lakini mngeniletea maji ya kunawa. Nanuka dagaa mpaka mwenyewe najichukia."

Bertila akaagiza apelekewe maji, akatoka.

* * *

Nyumba ya Bi Kuluthumu ilikuwa na baraza refu la kukaa watu wengi, na juu yake hapakuwa na mtu. Ua ulikuwa umefagiliwa ukaacha mistari ya ufagio, na kwenye mistari hiyo palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, za kwenda kisimani na kurudi.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hakungoja jibu. "Hujala. Askari wa kike mnajikausha kama matembele. Kaa. Amekiri?"

"Hajakiri."

"Basi hamkumwuliza vizuri."

Bertila aliomba kwanza aone chumba cha Shaban. Kitanda kilitandikwa shuka iliyopigwa pasi. Dirishani hapakuwa na hata utando wa buibui. Akapitisha kidole juu ya mlango, mahali ambapo wafagiaji wote husahau, nacho kikatoka safi.

"Hulala nani humu?"

"Mwenyewe akirudi."

Redio kaseti ilikuwa sebuleni, juu ya stuli ndefu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Shaban ndiye aliyeileta zawadi, safari yake ya mwisho kuja nyumbani. Bi Kuluthumu akaifunua, akafungua pindo la kanga, akaitumbukiza kaseti na kubonyeza.

Ikaja sauti ya mwanamume. Nzito, ya kujikokota, kama mtu anayevuta gunia la mtama kwenye mchanga.

"Ma-ma... shi-ka-moo. Mi-mi ni-ko sa-la-ma. U-si-ni-ngo-je, ma-ma. Chu-mba cha-ngu m-pe m-pa-nga-ji..."

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na sauti nyingine. Mtu alikuwa akigumia. Alianza chini, akapanda, akakatika, kisha akaanza tena.

Bi Kuluthumu akaizima.

"Umesikia? Anayesema si mwanangu. Shaban ana sauti nyembamba, hata alipobalehe walimwengu walimcheka. Na huyo anayegumia nyuma..." Akaishika meza. "Huyo ndiye mwanangu. Wamemlaza chini, wanatumia jina lake. Muuaji gani asiyetaka mama aache kungoja?"

Bertila hakumbishia. Neno lile lilikuwa na akili ndani yake. Mama akiacha kungoja, nani mwingine atakayemtafuta Shaban? Shati kavaa mwingine, maneno kasema mwingine. Vipande vilikaa pamoja vizuri mno, na Bertila huogopa vipande vinavyokaa vizuri kabla hajavisukuma.

"Bibi, huenda mashine ndiyo inachelewa. Imechoka."

"Mashine?" Bi Kuluthumu akazungusha kitufe. Mtangazaji akasikika akisoma habari za mazao, sauti yake kavu ileile inayojulikana nchi nzima. "Huyu unamjua?"

"Namjua."

"Amebadilika?"

"Hajabadilika."

"Basi. Kinywa ni hichohicho kimoja. Kingekuwa kibovu, kingeharibu maneno ya wote. Tena nimemwita fundi Shomari akaitazama, akasema redio nzima kama kigori."

Mama alikuwa amemfungia njia kwa hoja safi kuliko za mawakili wengi.

Akaanza na lililo rahisi. Dirishani palianikwa betri, zimepangwa zikiota jua kama kenge, maana siku zile betri mpya ilikuwa hadithi, na watu walizianika ili zirudishe nguvu. Zilizokuwa ndani ya mashine zilikuwa za namna hiyohiyo. Bertila akafungua kurunzi yake ya kazini, akatoa betri zenye nguvu, akazitia ndani ya redio. Mtangazaji akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia uani. Akarudisha kaseti.

"Ma-ma... shi-ka-moo..."

Ileile. Imekuwa kubwa, lakini inajikokota vilevile.

"Nilikwambia," alisema Bi Kuluthumu.

"Nipe kaseti niipeleke kwa mwenye mashine nyingine."

"Haitoki humu ndani."

"Ni ushahidi, bibi."

"Ushahidi wako, maiti yangu. Nikate mkono kwanza." Akaifunga tena kwenye pindo.

Bertila angeweza kuichukua kwa nguvu ya sheria. Alitazama lile pindo, akauliza jambo jingine. "Mashine hii imewahi kupiga kaseti nyingine yoyote?"

"Ya nini? Nina kaseti moja, kama nilivyo na mwana mmoja."

Bertila akainuka. "Nani hapa mtaani ana kaseti yenye sauti ya mtu unayemjua, mtu uliye na hakika naye?"

* * *

Fundi Shomari alikuja na sanduku lake la vifaa, ametanguliwa na tumbo lake, tayari amekasirika.

"Sajenti, naambiwa umeitilia shaka kazi yangu. Nyie wa Nzega kazi yenu ng'ombe, mambo ya umeme tuachieni sisi wa mjini."

"Ng'ombe naye akitembea polepole huwa tunamtazama kwato, fundi, hatumtazami pembe. Wewe ulitazama nini?"

"Redio. Bi mkubwa aliniambia, njoo nitazamie redio. Nikaitazama redio. Imesema. Nikaenda zangu."

"Kaseti hukuijaribu?"

"Sikuambiwa kaseti."

Bi Kuluthumu akadakia. "Ningekwambia ya mwanangu ili uitangaze mtaa mzima? Kinywa chako chenyewe hakina mlango."

Shomari akaweka mezani kaseti aliyotumwa kuja nayo. Ilikuwa ya arusi ya binti yake, iliyorekodiwa na mgeni wa kutoka Dar es Salaam kwa mashine yake. Mgeni akaondoka na mashine, akawaachia kaseti. Shomari aliisikiliza siku ileile iliporekodiwa, na tangu hapo aliiweka kama watu wanavyoweka picha. Bi Kuluthumu mwenyewe alikuwapo arusini. Ndiye aliyewaongoza wanawake.

Bertila akaitia, akabonyeza.

Kukatoka mngurumo wa watu wazito wakiimba kwa uchovu, na ngoma zinazopigwa kama anayepiga ana homa.

"Hawa nani?" aliuliza Bi Kuluthumu. "Hii si arusi. Hawa wazee wako matangani."

Shomari alikuwa ametoa macho. "Hawa... hawa ni wanawake, bi mkubwa. Ni akina mama wa hapahapa Kanyenye."

Kisha katikati ya nyimbo kikapanda kilio kimoja kirefu cha kutetemeka, kama fahali aliyenasa matopeni.

"Na huyo ng'ombe? Mlimchinja ndani ya nyumba?"

Shomari akajikuna shingo. Akamtazama Bertila, akatazama chini. "Huyo ni wewe. Hicho ni kigelegele chako. Kigelegele chako nani asiyekijua mji huu? Siku ile nilikisikiliza kwenye mashine ya mgeni, kilikuwa kikali kama filimbi."

Bi Kuluthumu hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akasikiliza mpaka yule fahali akanyamaza.

"Bibi," Bertila alisema taratibu, "ikiwa mashine hii inaweza kukufanya wewe usijijue, itashindwaje kumgeuza Shaban?"

"Na mtangazaji je?"

"Mtangazaji anakuja kwa hewa. Hakuna kinachozunguka. Lakini kaseti haisemi mpaka uzi wake, huo utepe wa ndani, uvutwe, na uzi ukivutwa polepole, sauti inanenepa. Ni kinywa kimoja, bibi, ila njia za kukifikia ni mbili. Fundi, fungua. Nataka kuona kinachoushika huo uzi mguu."

Shomari akatoa bisibisi, sasa bila maneno. Kifuniko kilipotoka, Bertila akainama. Kabla hajaona kitu, alinusa. Harufu ile aliijua. Kila mtu Tabora anaijua.

Pale ambapo kichuma chembamba huzunguka na kuubana uzi wa kaseti kwenye kigurudumu cha mpira, palikuwa na ute wa kahawia, mzito, unaong'aa. Akagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikanata. Hata mkanda mdogo wa mpira unaozungushwa na mota ulikuwa umepakwa ute huohuo, ukiteleza palipotakiwa ushike, ukinata palipotakiwa uachie.

"Bibi, ubani unafukizia wapi?"

"Nyumba nzima. Kila Alhamisi jua likizama. Kwani ninyi hamfukizi?"

"Na hapa?"

Bi Kuluthumu akaelekeza kidole chini ya stuli. Sakafuni palikuwa na duara jeusi, alama ya chetezo kinachowekwa mahali pamoja muda mrefu.

"Bibi yangu alikuwa akifukiza mkeka wa babu," alisema. "Babu alikuwa mpagazi, njia hiihii ya Ujiji, anawabebea Waarabu pembe. Kitu cha msafiri hufukizwa, na jina lake huitwa, ili miguu yake isisahau mlango. Na babu alirudi kila safari. Shaban hakuniachia mkeka. Aliniachia hii. Nafungua kimlango chake moshi uingie, namwita."

"Kila Alhamisi?"

"Tangu alipoondoka."

Shomari akafungua mdomo. Bertila akamkanyaga mguu, naye akaufumba mdomo.

"Una spiriti, fundi?"

Alikuwa nayo, chupa ndogo ya kusafishia. Wakazungushia pamba kwenye kijiti cha ufagio. Shomari alisugua kichuma, akasugua kigurudumu, akautoa mkanda wa mpira na kuufuta kama anayemnawisha mtoto uso. Pamba zikatoka kahawia, kisha njano, kisha nyeupe. Sebule nzima ikanuka ubani na hospitali. Bi Kuluthumu alisimama nyuma yao, hakukaa.

Wakajaribu kwanza ile ya arusi. Kigelegele kikaruka mpaka paani.

"Huyo mimi," alisema Bi Kuluthumu kwa sauti ndogo.

Halafu akafungua pindo. Safari hii alimpa Bertila kaseti mkononi.

"Mama, shikamoo. Mimi niko salama."

Ilikuwa nyembamba, ya haraka, sauti ya mtu anayesema huku akichungulia mlango. Bi Kuluthumu akajifunika mdomo kwa kanga. Hapakuwa na haja ya kumwuliza.

"Usiningoje, mama. Chumba changu mpe mpangaji, upate mtu wa kukuitikia hodi. Huku nimekwisha kaa. Nisamehe."

Na nyuma ya maneno hayo, palepale palipokuwa na mtu anayegumia, alikuwa akilia mtoto mchanga. Analia, anashika pumzi, anaanza tena. Sauti ya mwanamke ikasema, "Nyamaza, nyamaza, baba anaongea," na uzi ukaishia hapo.

"Mtoto huyo," alisema Shomari, aliyekuwa ameziba mdomo muda mrefu kupita uwezo wake.

"Nenda nyumbani, fundi," alisema Bertila.

Alipoondoka, wakabaki wawili. Bertila alidhani mama atashangilia; mwanawe hakufa, hakulazwa chini na mtu. Lakini Bi Kuluthumu aliibonyeza kaseti mara ya pili, akaisikiliza yote, akaizima. Lile "usiningoje" lilipokuwa la muuaji, lilikuwa neno la kupigana nalo. Sasa lilikuwa la Shaban.

"Mkamate," alisema.

"Nani, bibi?"

"Shaban. Yuko hai. Ninyi si mna askari Kigoma? Mkamateni mmlete."

"Kwa kosa gani?"

Bi Kuluthumu alitafuta. Bertila alimwona akilitafuta lile kosa, akipekua moyoni kama mtu anayepekua sandukuni. Hakulipata. Au alilipata, akaona halina sheria.

"Kuna mtu nimemfungisha bure," alisema hatimaye. "Nipishe nivae viatu."

* * *

Jua lilikuwa bado juu ya paa la kituo Bertila alipofungua mlango wa mahabusu. Silasi alikuwa amenawa, nywele zake zinachuruzika maji. Alipomwona mama wa Shaban nyuma ya Sajenti, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Afande, si umwambie..."

"Uko huru, Silasi. Shaban yu hai. Tumemsikia."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia nusu. Ile nusu nyingine uliilia yamini."

"Na sisemi hata sasa."

"Huna haja ya kusema. Kiapo kilikuwa cha mdomo wako. Mtoto amelia mwenyewe."

Silasi akamtazama Bertila, kisha mama, kisha mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani. Bi Kuluthumu alikuwa ameleta bakuli la wali, limefungwa kwenye kitambaa kile cha kudarizi cha redio. Akalisukuma mbele.

"Kula. Nilikuita muuaji. Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, mama."

"Kula kwanza, ndipo yaishe."

Alikula. Yule mama alimsimamia, akimtazama shati, akimtazama anavyokunja mkono. Bertila alikaa kwenye benchi la mlangoni. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini nyumbani kwake napo hapakuwa na wa kumwitikia hodi, hakuwa na haraka.

"Wa kike au wa kiume?" Bi Kuluthumu aliuliza.

Silasi akaacha kutafuna. "Wa kike."

"Ana umri gani?"

"Ameanza kukaa."

"Kafanana na nani?"

"Kipaji cha uso ni cha Shaban. Hichohicho chako."

"Na jina?"

Silasi akaliweka bakuli chini. Alimtazama Bertila kana kwamba anaomba msaada, na Bertila akajua kwamba lile neno lililokatazwa halikuwa mtoto. Lilikuwa hili.

"Wanamwita Apolinaria," alisema Silasi.

Bertila aliinamisha kichwa. Jina lile alilijua. Huko Nzega waliliita kila Jumapili, kwenye mabenchi ya mbele, upande wa wanawake. Halikuwa jina linalotolewa na sheikh. Lilitolewa na padri, kwa maji. Ndipo akaielewa ile sauti iliyokuwa ikichungulia mlango, na kile chumba alichokitoa mtu mwenyewe kwa mpangaji. Bi Kuluthumu, aliyezaliwa Kanyenye, aliyesikia adhana kabla hajasikia jina lake mwenyewe, naye alikuwa ameelewa. Alibaki amesimama, midomo inacheza bila sauti, kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mtu mwingine.

"Apolinaria," alilitamka. Lilimkwama katikati. Akalirudia, likapita.

Nje, treni ya mizigo ilikuwa ikipanga mabehewa kuelekea magharibi. Bi Kuluthumu aligeuza kichwa kuisikiliza mpaka ilipotulia.

"Jina refu hilo kwa mtoto mchanga," alisema Bi Kuluthumu. Aliliokota bakuli, akakikung'uta kitambaa, akakikunja vizuri. "Nyumbani tutamwitaje?"